Makofi Matatu

Kuti la mwisho lilikuwa mkononi mwake, na Matano hakutaka kulifunga.

Alikuwa amekaa juu kabisa ya paa, mguu mmoja upande huu na mwingine upande ule, kama mtu aliyempanda punda aliyegoma kwenda. Chini yake nyumba ya Mwanasaumu ilikuwa imerudi kuwa nyumba. Pande zote mbili zilikuwa zimeezekwa, makuti safu juu ya safu, yamekazwa kwa kamba kwenye fito, na harufu yake mpya ilimpanda puani ikamtuliza. Ilibaki nafasi moja tu, upana wa mikono miwili, na kuti la kuiziba lilikuwa hilo alilolishika.

Juma lililopita, juu ya mswala, baada ya sala ya alfajiri, Matano alikuwa amemwahidi Mola wake jambo. "Ya Rabi, siku nitakayofunga kuti la mwisho, nitamwambia. Sitamwoa kabla hajajua." Siku yenyewe ndiyo leo, Jumanne. Nikahi ilikuwa Ijumaa.

"We Matano!" Sauti ya Bi Mwanatabu, mama yake Mwanasaumu, ilipanda kutoka uani. "Hilo kuti unalifunga au unalibembeleza? Tangu alasiri umelipakata tu!"

"Nalinyoosha, mama."

"Bi harusi wako yuko chini huku, si hilo. Ndoo unywe uji kabla haujawa jiwe!"

Kicheko kikasikika nyuma ya mlango wa uani, kifupi, kimezibwa kwa kiganja. Kilikuwa cha Mwanasaumu. Matano akahisi kifua chake kinafunguka na kubanwa kwa wakati mmoja. Ndivyo kilivyokuwa kicheko hicho kwake. Kila kilipomfurahisha, kilimkumbusha.

Miezi sita nyuma, Februari ya mwaka ule wa sitini, kaskazi ikivuma kavu, moto ulikuwa umekula nyumba tano za Kisauni kabla gari la zimamoto halijavuka daraja. Matano alikuwa mtu wa upembo katika kikosi. Wenzake walishika mipira ya maji; yeye alishika mti mrefu wenye ndoana ya chuma, na kazi yake ilikuwa kuiezua nyumba iliyo mbele ya moto ili moto ukose njia. Hakuna aliyemfikia kwa kazi hiyo. Alikuwa mtoto wa Kidigo, mzaliwa wa Likoni, amekulia chini ya makuti, na alijua ni kamba ipi ikivutwa paa zima linalala. Lakini usiku wa kuamkia siku ile walikuwa Changamwe kwenye ghala lililolipuka, na usiku wa kabla yake walikuwa kwingine. Alisimama kwa miguu ambayo aliiona kama si yake.

Nyumba iliyokuwa mbele ya moto ilikuwa imefungwa mlango. Aliita mara mbili, "Mna mtu humu?" Hakuna sauti iliyomjibu. Lakini makofi yalipigwa. Makofi matatu, ndani, upande wa kushoto.

Kila mtoto wa pwani anajua. Mke aliyefiwa na mume, akiwa ndani ya eda, hamjibu mwanamume wa kando kwa sauti. Hupiga makofi. Matano alilijua jambo hilo kama alivyolijua jina lake. Lakini moto ulikuwa umeshafika ua wa jirani, mikono ilimtetemeka, na kama ndani mlikuwa na mtu, basi ilimpasa avunje mlango, aingie katika moshi, atafute. Hakuwa na nguvu hizo. Akaiambia nafsi yake kwamba ni mianzi inapasuka. Akavuta.

Moto ulikoma pale pale. Mtaa ukapiga vigelegele. Kisha, chini ya fito na makuti, wakamwona mjane wa marehemu Boga, nguo yake ya eda imejaa vumbi, boriti imelala juu ya mguu wake.

Mguu uliunga, lakini uliunga vibaya. Mwanasaumu, mwanamke wa miaka ishirini na mitatu, alikuwa akitembea kwa fimbo mpaka leo.

"Hakusikia, masikini," watu walisema. "Moto ulikuwa unanguruma." Na Matano aliwaacha waseme.

Alianza kuja siku zake za mapumziko kuisimamisha nyumba aliyoiangusha. Vijana wa mtaa walipotaka kumsaidia, aliwakatalia. Miezi ya eda iliyobaki Mwanasaumu aliimalizia kwa mama yake, nyumba ya pili, ua mmoja. Matano hakumwona hata ukucha. Alisikia fimbo yake sakafuni tu, na makofi yake alipotaka maji na mama yuko mbali. Kila kofi lilimwingia kama msumari.

Eda ilipokwisha, Mwanasaumu akatoka. Akasimama uani kwenye jua, akakinga macho kwa kiganja, akamtazama juu ya paa kwa muda mrefu, na neno lake la kwanza kwake likawa: "Bwana zimamoto, hilo kuti lako limepinda."

Kweli lilikuwa limepinda. Tangu siku hiyo Matano hakuwa mzima tena.

Kengele ililia njiani. Matano aliruka pale pale alipokaa, kuti likamponyoka, mkono ukadaka fito kabla mwili haujafuata. 

"Taratibu, ndugu yangu!" Musyoka, mwenzake wa kikosini, alikuwa amesimama chini na baiskeli yake, kidole bado juu ya kengele. "Ni mimi tu."

"Siku moja utaniua kwa hiyo kengele."

"Na wewe siku moja utaniua kwa mambo yako. Shuka. Nina barua."

Matano akashuka. Wakakaa kwenye baraza ya nyumba mpya, chini ya dirisha dogo. Musyoka akatoa bahasha mfukoni mwa shati. Matano aliijua. Alikuwa ameiandika mwenyewe, kwa mwandiko aliojifunza ukubwani katika darasa la ngumbaru, na ilimchukua jioni nne.

"Bwana Mkubwa ameirudisha," alisema Musyoka. "Anasema mwandiko ni mzuri, sababu ni mbaya. Umeandika, 'Naacha kazi kwa kuwa nimechoka.' Ameniuliza mimi, 'Kuchoka ni ugonjwa gani?' Nikamwambia sijui, Bwana, labda kama homa. Anakupa mpaka kesho asubuhi. Uichane, au uipeleke tena."

"Nitaipeleka tena. Nitaezeka nyumba za watu."

"Matano, sote tumechoka. Mke wangu anasema nanuka moshi hata nikitoka kuoga. Mtu hulala, akaamka, akaendelea."

"Kuchoka huku hakuondoki kwa kulala. Nalala na viatu, Musyoka. Kengele ya feri ikilia kule Likoni, mama yangu ananikuta nimesimama mlangoni, sijui nimefikaje." Akainyoosha mikono yake. "Hapa nikifunga makuti, tazama, imetulia. Kutwa nzima imetulia."

Musyoka aliitazama ile mikono. Kisha akasema polepole, wala si kwa ubaya, "Na sisi je? Nani atashika upembo? Mimi Mkamba, nyumba ya makuti naijulia wapi? Nikivuta kamba isiyo yake, paa likaangukia watu, moto ukapita, wewe huku juu utakuwa umetulia?"

 Swali hilo Matano alikuwa ameshajiuliza juu ya mswala, na Mwenyezi Mungu hakuwa amemjibu bado.

"Nitakufundisha," alisema mwishowe. "Nitakuja kikosini kila Jumapili mpaka ujue kamba zote. Lakini moja nikwambie leo. Kabla hujavuta, waambie wazime pampu. Uite. Kisha unyamaze uhesabu mpaka kumi."

"Moto utaningoja nihesabu?"

"Hesabu! Kwa sababu huenda ndani mna mtu asiyeweza kukujibu. Mke wa eda hasemi na wewe. Atapiga makofi. Matatu, polepole, kama mtu anayekung'uta unga mikononi. Kisha atanyamaza. Na wewe utakuwa umechoka, utataka kusema ni mianzi…"

Akakatiza. Musyoka alikuwa akimtazama usoni.

"Matano," alisema.

"Usiniulize."

Musyoka akasimama, akapanguza kiti cha baiskeli kwa mkono, ingawa hakikuwa na vumbi. "Sikuulizi," alisema. "Nitahesabu mpaka kumi." Akaondoka akiisukuma baiskeli, bila kupiga kengele.

Ndani ya dirisha, juu ya kichwa cha Matano, fimbo ilianguka sakafuni.

Alitaka kugeuka. Hakuwahi. Mbwana, kaka yake Mwanasaumu, alikuwa anaingia uani kwa hatua ndefu, suruali nyeupe ya ukarani bado ina mkunjo wa pasi. Alikuwa karani wa bandarini, upande wa Kipevu, na alitembea kama mtu ambaye meli humngoja yeye.

"Nimempita rafiki yako njiani. Ameniambia habari ya barua. Nikasema, huyu Mkamba ananitania. Ni kweli?"

"Ni kweli, Bwana Mbwana."

"Umeacha kazi. Siku tatu kabla ya nikahi."

"Nilitaka kuja kukwambia."

"Lini? Baada ya pilau?" Mbwana alicheka bila furaha. "Nilikubali posa ya mtu wa kofia ya shaba. Mtu ambaye akipita watoto wanamkimbilia. Bandarini wakiniuliza, 'Shemeji yako anafanya nini?', nawajibu kwa kifua. Sasa nijibu nini? Kwamba anapanda juu ya mapaa ya watu kama tumbiri?"

"Baba yako alikuwa tumbiri vilevile!" Bi Mwanatabu alipiga kelele kutoka jikoni. "Na kitovu chako kimezikwa chini ya paa aliloezeka yeye!"

"Mama, haya ni ya wanaume."

"Ya wanaume, naam. Na pilau ya Ijumaa atapika nani, karani?"

Mbwana akashusha sauti. "Sikiliza, Matano. Mimi nilitaka kukushitaki kwa ajili ya mguu ule. Dada yangu ndiye aliyenizuia. Nilikusamehe kwa sababu mtu wa kikosi huokoa wengi, akimkosea mmoja tunasema ni kazi. Ukiivua ile kofia, hiyo kazi haiko tena. Unabaki mtu aliyemvunja dada yangu mguu." Akanyoosha kidole kwenye bahasha. "Kesho asubuhi ichanwe. Isipochanwa, Ijumaa sisimami mbele ya kadhi."

Akatoka kama alivyoingia. Matano alibaki na bahasha mkononi. Maneno yale hayakumtia hasira. Alijua kwamba Mbwana, bila kujua, alikuwa amesema kweli tupu.

Mlango ukafunguliwa nyuma yake.

Mwanasaumu alisimama kizingitini na fimbo yake, leso imetandwa vizuri kichwani, uso umetulia mno. Matano alikuwa ameshazisoma nyuso zake nyingi kutoka juu ya paa, uso wa utani, uso wa kuomba radhi, uso wa kujifanya haangalii. Huu hakuujua.

"Mama," alisema Mwanasaumu, "nataka kusema na Matano. Mlango uko wazi."

"Semeni. Mimi nachagua mchele."

Mwanasaumu akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mguu mbovu ameunyoosha mbele.

"Ya kaka nimeyasikia," alisema. "Hayo yaache. Mimi si mwari, nimeolewa nikafiwa. Safari hii neno ni langu. Nataka kukuuliza lingine. Umemwambia rafiki yako makofi matatu."

Matano aliigeuza bahasha mkononi.

"Polepole, umesema. Kama mtu anayekung'uta unga. Sijamwambia mtu, Matano. Si mama, si kaka, si daktari. Wewe umejuaje?"

Uongo ulikuwa karibu, mwepesi, umeshavaa nguo. Angeweza kusema kila mke wa eda hupiga makofi. Angeweza kusema amebahatisha. Na Mwanasaumu mwenyewe akamfungulia mlango, akainama mbele kidogo, macho yake makubwa yakimwomba. "Ulisikia kitu ukadhani ni mianzi. Si ndivyo? Sema hivyo. Nitakuamini, wallahi nitakuamini."

Alimpenda kuliko siku zote wakati ule. Akasema moyoni, Ya Rabi, nishike. Akasema kwa mdomo:

"La. Nilitaka iwe mianzi. Nilijua si mianzi."

Jikoni, ungo wa Bi Mwanatabu ulisimama.

"Nilikuwa nimechoka," alisema Matano, "lakini hilo silitoi kama udhuru. Nilisikia mtu, nikaomba asiwe mtu, kisha nikafanya kana kwamba dua yangu imekubaliwa. Watu waliposema sikusikia, nikanyamaza. Miezi sita nimenyamaza."

Mwanasaumu hakulia. Aliitazama mikono yake mwenyewe iliyolala magotini, akaigeuza viganja juu.

"Mama mkwe alikuwa ameniambia, mwanamume akiisikia sauti yangu, marehemu hatapumzika kaburini. Nikapiga makofi. La kwanza, la pili, la tatu. Kisha boriti ikaanguka." Akavifumba viganja. "Unajua nimekuwa nikijiambia nini tangu siku ile? Kwamba nilipiga polepole mno. Kwamba mguu huu nimejivunja mwenyewe kwa kuona haya. Mama ananiambia huwa napiga makofi usingizini. Naamka viganja vinauma."

Hilo Matano hakuwa analijua. Alikuwa ameubeba mzigo wake miezi yote akidhani ni wa mtu mmoja. Kumbe nusu yake alikuwa amemwekea mwingine kichwani, na mwingine huyo alikuwa akiubeba kimya, upande wa pili wa ua.

"Ulipiga vya kutosha, Saumu," alisema Matano. "Ulisikika. Kosa halikuwa mikononi mwako. Hata chembe."

"Nilisikika," alirudia Mwanasaumu, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Kisha uso ukamgeuka. "Na mimi nikakutetea! Kaka alipotaka kukushitaki, niliapa. Nilisema wallahi hakusikia. Umenifanya niape uongo mbele ya Mungu wangu!"

"Ndiyo."

"Na hii posa yako? Ni posa au ni kafara? Unanioa mimi, au unauoa mguu wangu?"

"Nilianza na mguu. Sitakuficha tena kitu. Nilipanda juu ya paa hili kwa sababu sikuweza kulala. Lakini aliyemkosea mwenzake humkwepa, humwombea asitoke nje. Mimi nilikuwa nikihesabu siku za eda yako kama mtoto anavyohesabu siku za Idi, na nikijichukia kwa kuzihesabu. Ulipotoka ukaniambia kuti langu limepinda…" 

"Na kazi unaiacha kwa ajili yangu? Usinitwike hilo, Matano."

"Siiachi kwa ajili yako. Naiacha kwa sababu nimefika mahali nasikia mtu na kuomba asiwe mtu. Aliyefika hapo asishike upembo. Musyoka ameniuliza kama nitatulia. Sijui. Labda pakitokea moto nitaamka nimesimama mlangoni mpaka nizeeke. Lakini nikiwa juu ya paa, nikikaza kamba, nikijua chini ya kuti hili atalala mtu, mvua isimguse, basi najihisi nimerudi kuwa mtu. Sina maneno mazuri kuliko hayo."

Kuku walikuwa wakichakura uani. Walitazamana. Matano aliona machoni mwake vitu viwili vinavutana, na hakuthubutu kukiombea kimojawapo.

"Nenda," alisema Mwanasaumu. "Sikufukuzi wala sikukaribishi. Nenda tu, nipate kupumua."

Akainuka kwa fimbo yake, akaingia ndani ya nyumba mpya, akafunga mlango. Komeo likapita.

Bi Mwanatabu alitoka jikoni na ungo kiunoni. Alikuwa amezeeka tangu alasiri. Matano alingoja atukanwe. Alikuwa tayari, na pengine angeshukuru.

"Kuti la mwisho," alisema mama huyo, bila kumtazama. "Lifunge kabla hujaenda. Mvua haitangoja mpatane."

Matano akaliokota, akapanda.

Kupitia ile nafasi iliyobaki, jua la jioni liliingia chumbani kama mkeka mdogo uliotandikwa sakafuni. Mwanasaumu alikuwa ameketi kitandani, pembeni kidogo ya mwanga, na alipoona kivuli akainua uso. Wakaonana kupitia paa lile lile lililowahi kumwangukia.

"Nifunge?" aliuliza Matano.

Hakumjibu.

Matano akanyamaza akahesabu. Moja. Mbili. Hakuharakisha. Alisikia kelele za watoto mtaani, alisikia chuma kikigonga chuma mbali kwa mhunzi, alisikia pumzi yake mwenyewe. Akafika kumi. Mwanasaumu alikuwa ameinamisha uso. Basi akaliweka kuti mahali pake, akapitisha kamba, akaikaza kwa mafundo mawili, na mwanga chumbani ukazimika chini ya mikono yake. Lilikuwa limenyooka. Katika kazi yote ya nyumba ile, hilo ndilo lililonyooka kuliko mengine.

Akashuka. Akakusanya panga lake na mabaki ya kamba. Akaitia bahasha mfukoni, nzima, bila kuichana. Kesho angeipeleka tena, japo amepoteza kila kitu kingine. Akamwinamia Bi Mwanatabu. "Kwaheri, mama. Nisamehe."

"Nenda salama," alisema, na hilo tu.

Alikuwa amefika penye mlango wa ua, mkono umeshashika ufito wa kuusukuma, aliposikia.

Ilikuwa sauti ndogo. Ingeweza kuwa kuti jipya likijikunja kwa jua. Ingeweza kuwa mama akikung'uta ungo. Matano alisimama.

La pili.

Panga likamtoka mkononi, kamba zikamwagika mchangani.

La tatu.

Alirudi mbio, kuku wakatawanyika, Bi Mwanatabu akapiga yowe la kushtuka. Akasimama mbele ya mlango uliofungwa, akaweka kiganja juu ya mbao.

"Nimesikia!" alisema, kwa sauti ambayo mtaa mzima uliweza kuisikia. "Saumu, nimesikia!"

 Kisha kutoka ndani, karibu sana na mbao, sauti yenye machozi ikamuuliza:

"Mangapi?"

"Matatu."

"Kwa nguvu au polepole?"

"Polepole," alisema Matano. "Polepole sana. Lakini nimesikia."

Mlango haukufunguliwa. Lakini komeo lilitolewa.